Mstaafu, Honda Kuukuu na Beseni Langu la Kufulia

Mume akistaafu, nyumba hupata fundi ambaye hakuna aliyemwita. Wa kwangu alikuwa bwana shamba. Miaka yote ya utumishi alizunguka vijiji vya Singida akiwahimiza wakulima wa alizeti wapande kwa mistari na wasichelewe palizi. Alipotimiza 60 akakabidhi ofisi, akarudi nyumbani kwetu Mandewa na kiinua mgongo, saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake, na mikono isiyo na kazi. Saa tuliitundika. Mikono ndiyo iliyotuletea maneno.

Kiinua mgongo tulikipangia pamoja: bati za nyumba ya nyuma, mahitaji ya shule ya binti yetu wa kidato cha tatu, na banda jipya la kuku. Pikipiki haikuwamo kwenye orodha. Ilikuja jioni moja juu ya mkokoteni, ikitokea kwenye mnada wa vifaa chakavu, na mzee akitembea pembeni ameweka kiganja juu ya tangi. Nyekundu iliyopauka, kiti kimechanika, tairi la mbele halina upepo.

“Mama,” akaniambia kabla sijafungua kinywa, “hii si pikipiki. Hii ni Honda.”

Na katika hilo alikuwa na hoja. Ilikuwa CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi za barabara mbovu, mzigo uliopitiliza, na oili inayobadilishwa siku mtu akikumbuka. Pikipiki nyingine za Honda za wakati ule valvu zake ziliendeshwa na cheni ndefu ya ndani ya injini, ambayo haipendi kukosa oili. Kwenye CG waliiacha, wakarudi kwenye fimbo zinazosukuma valvu kutokea chini, mtindo wa kizamani lakini mgumu. Cheni inayozungusha gurudumu la nyuma wakaifungia ndani ya ganda la bati, vumbi lisiione. Silinda moja, sentimita za ujazo 124, hakuna mbwembwe. Wachina waliiga injini hiyo kwa wingi, na bodaboda nyingi zinazosubiri abiria stendi ya Misuna mpaka leo zinatumia wajukuu wake.

Kwa kifupi, chombo kile kilibuniwa kimstahimili mtu asiyekigusa. Hakuna mhandisi aliyewaza itakuwaje kikiangukia mikononi mwa mtu anayekipenda.

Mzee wangu ana methali yake ya kudumu, aliyowahubiria wakulima miaka yote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye Honda methali hiyo ilipata utaratibu mpya. Kwanza aliutengeneza ufa, kisha akauziba, kisha tukajenga ukuta.

Kisa cha beseni

Alianza na kubadilisha oili, na kwa haki yake, hakuna kazi bora ya kuanzia. Injini ile huingia takriban lita moja tu. Haina filta ya karatasi ya kununua. Ina kichujio cha wavu, na kidude kingine kinachozunguka kwa kasi na kuutupa uchafu pembeni. Unaiwasha ipate joto, unafungua bolti ya chini, oili chafu inashuka, unafunga, unajaza mpya. Dakika 15 mtu amenawa mikono.

Ila oili inahitaji pa kushukia. Beseni langu la kufulia, la bluu, lilikuwa limeegeshwa ukutani likikauka. Niliporudi kutoka shuleni ninakofundisha nikalikuta chini ya Honda, limejaa kitu cheusi, na ndani yake unaelea mswaki ambao sikutaka kuuliza ni wa nani.

“Nitalisafisha,” akasema.

Alilisafisha kweli, kwa petroli. Jumamosi mashati meupe ya shule yalitoka humo na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai, na mtoto wetu mdogo akaenda nayo hivyo hivyo wiki nzima akiwaambia wenzake kwamba ni fasheni.

Laiti ingeishia hapo. Ili oili isivuje, aliikaza bolti. Ili isivuje kabisa, akaikaza tena, safari hii spana ameiongezea kipande cha bomba la maji apate nguvu. Bolti ni ya chuma na tumbo la injini ni la alumini. Vikishindana, alumini ndiyo inayoshindwa. Nyuzi za tundu zikakatika zote, bolti ikawa inazunguka tu bila kushika. Akaivisha thredi tepu ya mabomba ya maji, juu yake akapaka sabuni ya mche. Sabuni ni dawa halisi ya tangi la petroli linalovuja, kila dereva wa safari ndefu anaijua, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni upesi. Kwenye injini yenye joto ilidumu mpaka kona ya kwanza.

Tangu hapo Honda ilidondosha tone moja moja, na kila iliposimama iliacha saini. Tone mbele ya duka, tone kwa jirani, tone pana zaidi mbele ya kilabu cha pombe siku ambayo mzee alikuwa, kwa maneno yake, kwenye kikao cha kamati ya maji. Sikuhitaji kumpigia simu wala kumuuliza mtu. Mwanamume mwenye injini inayovuja hana siri.

Kisa cha taa

Ile CG ni ya zamani, na umeme wake ni wa volti 6. Maduka ya spea mjini yamejaa balbu za volti 12, maana ndizo zinazotumiwa na bodaboda za leo. Taa ya mbele ilipoungua, mzee akafunga ya volti 12. Iliwaka, ndiyo, lakini kwa wekundu hafifu ambao ungeweza kuutazama bila kupepesa macho. Akafunga tochi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Tochi ilimulika vizuri, bei yake ndogo, na mwingine angeshukuru akaishia hapo.

“Fundi wa kweli hatembei na tochi,” akasema.

Sisi tuna sola ndogo ya akiba ya siku za kukatika umeme: paneli moja juu ya paa, betri moja ya volti 12 chini ya meza, na balbu tatu. Jioni moja umeme ukakatika wakati binti yetu anajiandaa na mtihani. Nikabonyeza swichi ya sola, giza. Nikapapasa chini ya meza, betri haipo. Kisha kutoka uani ukaja mwanga ambao sijawahi kuuona Mandewa. Taa ya mbele, taa ya nyuma na indiketa zote zilikuwa zinawaka kwa weupe mkali, jogoo akawika, kuku wakaanza kushuka kwenye fito wakidhani kumekucha. Honi, ambayo hakuna aliyeigusa, ikapiga ukelele mmoja mrefu mwembamba. Mzee akasimama katikati ya mwanga huo amenyoosha mikono. Halafu balbu za volti 6 zikalipuka moja baada ya nyingine, honi ikakata, na harufu ya waya ulioungua ikaingia mpaka sebuleni.

Betri ya nyumba ilikuwa imefungwa chini ya kiti cha Honda kwa mpira ule ule wa tyubu.

Binti akatoka na daftari mkononi. “Baba, shikamoo. Vifaa vya volti 6 ukivipa volti 12, umeme unaopita ndani yake unazidi uwezo wa waya wake. Tumefundishwa.”

“Hiyo ya darasani ni nadharia,” baba yake akajibu.

Binti akasema, kwa adabu zote, kwamba giza lililomo ndani si nadharia.

Kisa cha godoro

Baada ya taa ikaja zamu ya kabureta, na hapa naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa sababu kisa hiki kinawahusu wote wanaoendesha pikipiki za kabureta katika nyanda za juu.

Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta huchanganya petroli na hewa, na iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, ikifika huku humwaga petroli nyingi kidogo kuliko hewa inayoingia. Anayetaka kuisaidia sana huiwekea jeti yenye tundu dogo zaidi. Mzee alilipanua. Kwanza alilizibua kwa sindano ya kusafishia jiko la mafuta ya taa, ambayo si vibaya mkono ukiwa mwepesi. Kisha akachukua sindano yangu ya kushonea magunia, akaizungusha humo ndani “ili inywe vizuri.” Jeti ni ya shaba, laini, tundu lake lenyewe huwezi kuliona vizuri bila kulielekeza kwenye jua. Lilikunywa.

Honda ikaanza kutoa moshi mweusi. Majirani wakajifunza kuanua nguo wakisikia kiki ya kwanza. Petroli iliyokuwa ikimfikisha Ilongero na kumrudisha sasa ilimfikisha tu. Alipofungua plagi akaikuta imejaa masizi, akaitazama sana, akaamua kwamba injini inakosa hewa. Kwenye ugonjwa hakukosea, alikosea dawa. Akang'oa filta ya hewa.

Hiyo ilikuwa miezi ya upepo. Wenyeji wa Singida wanaujua upepo wa Juni na Julai, unaopita juu ya mashamba yaliyovunwa na kuinua kila kilicholala chini. Na vumbi letu si unga wa mapambo. Yale majabali makubwa yanayozunguka maziwa ya Singidani na Kindai ni mawe ya itale, na mchanga unaotokana nayo una chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha silinda. Injini isiyo na filta huvuta vumbi hilo moja kwa moja, na pistoni inalisagia ukutani mwa silinda maelfu ya mara kwa dakika.

Nilipomwambia hivyo, maana mwalimu hawezi kuacha kufundisha hata nyumbani, alikubali kwamba filta inahitajika. Ila ile ya zamani ilikuwa imeoza, na badala ya kwenda dukani akazunguka nyumba akitafuta sifongo. Nyumba yetu ina sifongo moja nene: godoro la chumba cha wageni. Alikata upande wa chini ili isionekane, akatandika shuka vizuri kuliko anavyotandika siku zote. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Wiki ile mama mkwe akaja kututembelea. Asubuhi akatoka chumbani taratibu, mkono kiunoni.

“Mwanangu,” akaniambia, “sina neno na nyumba yako. Lakini kitanda kile kina shimo, na nyonga yangu imelala ndani yake usiku kucha.”

Nikamwita mwanawe aje aeleze mwenyewe. Alieleza kuhusu mzunguko wa hewa. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo nimelalia pikipiki?”

Sifongo ya filta ipo, na inafanya kazi, lakini ni ya aina yake na hulowekwa oili kidogo ili inase vumbi. Ya godoro, ikipata mvuke wa petroli ikiwa kavu, huvunjika chembe chembe. Chembe zikaingia kwenye kabureta, zikaziba jeti ile ile iliyopanuliwa kwa jasho.

Nisimvunjie heshima mtu bila kumpa haki yake. Katikati ya mambo hayo injini ilianza kugonga kichwani, na tapeti akazirekebisha vizuri. Kipimo cha CG ni milimita 0.08, na hana geji. Akatumia wembe, ambao unene wake ni milimita 0.1. Ni ujanja wa mafundi wa zamani, na kasoro yake ni ndogo sana. Injini ikatulia, ikabaki na mlio mdogo wa tiki tiki. Siku hiyo nilimkaangia mayai mawili. Sasa nadhani mayai yale ndiyo yaliyompa kichwa.

Kisa cha alizeti

Ganda la bati linalofunika cheni halikumpendeza. Lilikuwa zito, limebonyea, linapiga kelele, na bodaboda zote za vijana cheni ziko wazi. Akalifungua lote, nusu ya juu na nusu ya chini, akalitupa nyuma ya nyumba. Mimi nikaliokota nusu moja nikaifanya kihori cha mashudu ya kuku. Ilifaa sana kwa kazi hiyo.

Cheni iliyo wazi hukauka, na iliyokauka hulia. Wakati huo alizeti mpya ilikuwa imekamuliwa na tuna dumu la mafuta jikoni, yale ya kinu cha mtaani, mazito, yenye harufu ya mbegu. Nikaona dumu linashuka bila watu kuongezeka mezani.

“Mafuta ni mafuta,” mzee akasema alipokamatwa na kopo mkononi. “Ndege za kwanza za vita zilitumia mafuta ya nyonyo kwenye injini.”

Ni kweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia injini nyingi za ndege zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na jina la Castrol lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Lakini nyonyo si alizeti. Mafuta ya mimea hayafanani yakikaa hewani. Ya kitani hukauka yakawa ngozi ngumu, ndiyo maana yakatumika kwenye rangi. Ya alizeti hayakauki kabisa wala hayabaki maji, huganda yakawa ulimbo. Muulize mama yeyote anayesugua sufuria la kukaangia lililokaa siku nyingi atakueleza bila maabara.

Juu ya cheni ulimbo ule ulishika vumbi la Julai, na viwili hivyo vikichanganyika hutengeneza kitu kinachosaga chuma. Zaidi ya hayo, yale mafuta ya kinu hayakuwa yamechujwa vizuri. Yalikuwa na chembe za mbegu. Kuku wakagundua. Kila asubuhi Honda ikisimama uani, mitetea miwili ilikuwa inadonoa cheni kiungo kwa kiungo, na mzee akiwafukuza kwa kofia. Akiiwasha, mafuta yaliyorukia kwenye injini yalipata joto, na uani kukanukia maandazi. Watoto wa jirani walikuja mara mbili na sahani.

Kisa cha kitenge

Wifi yangu wa Ilongero akatuma salamu: binti yake anatolewa mahari. Mume wangu ndiye mjomba, na mjomba katika shughuli hiyo si mtu wa kutuma udhuru. Tungeweza kupanda gari asubuhi. Mzee akasema tunakwenda na Honda.

Kwa safari hiyo aliiandalia keria. Alichukua vyuma vya kitanda cha zamani akavipeleka kuchomelewa, ikatoka keria inayoanzia mgongoni mwa abiria na kuishia mbali nyuma ya tairi. Juu yake akafunga tenga la kuku wa zawadi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua uso wa pikipiki. Usukani unakuwa mwepesi na tairi la mbele halishiki barabara. Nilihisi hivyo tangu lango la nyumba. Lakini nilikuwa nimevaa kitenge kipya cha sherehe, na akili yangu yote ilikuwa kwenye mkunjo.

Nilikaa upande, wanavyokaa wanawake wengi wa kwetu. Sasa sikilizeni: cheni ya CG iko kushoto. Mwanamke akikaa upande, miguu yake na pindo la nguo yake huning'inia kushoto. Wahandisi wa lile ganda la bati hawakuifunika cheni kwa ajili ya vumbi peke yake, hata kama hawakuniwaza mimi.

Tulikuwa tumeshauacha mji, upepo unavuma kutoka ubavuni. Nikahisi mtu ananivuta nguo. Nikageuka, hakuna mtu. Cheni ilikuwa imelidaka pindo, na ulimbo wa alizeti ukalishika lisiponyoke. Kitenge kikafunguka kiunoni kwa kasi, kikazungushwa chote kwenye sproketi, gurudumu likakwama. Namshukuru Mungu kwamba tulikuwa tunapanda mwinuko taratibu, na namshukuru fundi cherehani aliyekifunga kwa kipande cha lastiki badala ya kukishona. Honda ikalala mchangani. Mimi nikajikuta nimesimama kando ya barabara ya Ilongero kwa gagulo na helmeti.

Tenga lilipasuka. Kuku wa Singida hawahitaji kuambiwa mara mbili. Walitawanyika kwenye shamba la mabua na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakawafuata kwa shangwe. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda mjini na ndoo ya vitunguu alinitazama, akatua ndoo, akajifungua kanga ya juu bila kuuliza kitu, akanifunga. Kisha akamgeukia mzee: “Baba, hii nayo ni ya kubebea mwanamke?”

Mzee alikuwa amepiga magoti, anakata kitenge changu kwa wembe wa tapeti.

Tulifika kwa wifi kwa bodaboda, na kuku wawili. Washenga walikuwa wameshakaa. Kawaida faini ya kuchelewa hutozwa upande wa muoaji. Mshenga wao, mtu mwenye ulimi, akasimama akasema kwamba leo mila imegeuka, wageni wamefika na mjomba hajafika, na sasa amefika na mikono ya gereji. Anaomba kikao kiamue. Kikao kikaamua jogoo mmoja. Tukabaki na mtetea.

Hukumu

Honda ilirudishwa mjini kwenye gari la mizigo, ikapelekwa kwa kijana mmoja mwenye gereji chini ya mti. Kijana akaamkia, akazunguka, akachuchumaa, akagusa bolti ya oili, akanusa cheni, akachungulia kabureta. Akainuka.

“Mzee, nani alikuwa anakutengenezea hii?”

Mzee akatazama angani. “Fundi mmoja hivi.”

“Huyo usimrudie tena.”

Sikusema neno. Nilitazama angani pia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Tundu la bolti alilichonga nyuzi mpya za saizi kubwa kidogo. Jeti na filta alipata kwenye duka la spea za bodaboda, kwa sababu wajukuu wa injini ile wanavaa vitu vya babu yao. Silinda ikapelekwa kuchongwa, ikavishwa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25, hiyo ndiyo bei ya upepo wa Juni. Cheni na sproketi mpya. Balbu za volti 6 zikaagizwa Arusha, zikaja na basi. Nusu ya ganda la cheni ilipatikana nyuma ya nyumba, na nusu ya pili nikaitoa bandani nikiwa nimeiosha.

Alipomaliza kijana akatusomea hesabu, na nikaona jambo ambalo mzee hakuliona au hakutaka kuliona. Ukiondoa balbu iliyoungua na filta iliyooza, hakuna kitu katika orodha ile kilichokuwa kibovu siku Honda inashuka kwenye mkokoteni. Tulilipia kutengeneza kilichotengenezwa.

Sasa tunaishi kwa sheria, na naziandika hapa kwa faida ya nyumba nyingine zenye mstaafu. Mwenye pikipiki ya zamani anaruhusiwa kubadilisha oili ingali na joto, na kuikaza bolti kwa spana fupi. Anaruhusiwa kusafisha filta, kufuta plagi, kupima upepo wa matairi, na kurekebisha cheni icheze sentimita mbili hivi, si zaidi. Aipake oili ya gari au grisi. Alizeti ni ya jikoni. Haruhusiwi kupanua tundu lolote ambalo kiwanda kimelitoboa, kuondoa kifuniko chochote ambacho kiwanda kimekifunga, wala kuunganisha betri ambayo haikuzaliwa na pikipiki hiyo. Moshi mweusi ni petroli imezidi. Moshi wa bluu ni oili inaungua ndani, na hapo aende kwa fundi aliyefundishwa, si fundi maiko wa sebuleni. Awe na beseni lake mwenyewe, aliandike jina.

Na kwa kina mama na mabinti wanaopanda pikipiki, hili silisemi kwa mzaha. Kabla hujapanda, tazama kama cheni ina kifuniko. Kama haina, kunja kitenge chako juu ya magoti ukikalie vizuri, au vaa suruali ndani ukae kwa kutanua miguu, na dereva akikucheka, shuka, upande pikipiki nyingine. Mimi nilibahatika kupoteza nguo tu.